Kutoka Msamala Kwenda Kujifunza Pete za Tabaka

Niliondoka Msamala, hapa Songea, kwa sababu sikuweza tena kukaa karakanani bila kazi. Soko huria lilikuwa limetuletea hereni za kiwandani, nyepesi na za kung'aa, na watu waliokuwa wakitengenezewa pete na marehemu baba sasa walipita mlangoni wakitusalimia tu. Dada yangu Osmunda alitaka tuuze vifaa, tufunge. Ndipo Mwalimu Yumi, Mjapani aliyefundisha hesabu sekondari, alipotuletea pete yake tuipunguze. Ilikuwa na mistari kama ubao uliopigwa randa, lakini haikuchorwa. Ilikuwa fedha na shaba, tabaka juu ya tabaka, zimeshikana. Aliitengeneza baba yake mdogo, alisema, na alipokuwa anarudi kwao akanitafutia nafasi ya kwenda kujifunza.

"Nenda," Osmunda aliniambia. "Lakini siahidi kukungoja."

Alfajiri nilipanda basi. Hadi Njombe sikuona milima wala mashamba. Nilikuwa najiuliza kifaa kipi cha baba kitauzwa kwanza. Dar es Salaam nilizunguka na begi mkononi hadi wakati wa ndege.

Japani nilifikia mji mdogo wenye baridi kali. Mzee Morita, baba mdogo wa Yumi, alinipokea kwa kuinama. Nami nikainama nikisema shikamoo, Yumi akacheka.

Karakanani kwake mzee alipanga vibati vya fedha na shaba vilivyosuguliwa vikatakata. Hakuniruhusu kuvigusa kwa kidole, maana mafuta ya mkono huzuia madini kushikana. Akavibana kwa vyuma, akavitia kwenye makaa, tukasubiri. Mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Anauliza unakimbilia wapi," Yumi alinitafsiria.

Nikamweleza habari za dada. Mzee akasema kwamba hata yeye anafunga karakana. Mwanawe yuko kiwanda cha magari, hataki makaa.

Nami nilidhani ni kwetu tu! Tangu hapo kila nyundo niliyopiga niliipiga kwa haraka zaidi.

Niliporudi Msamala, Osmunda alikuwa mlangoni na sinia la hereni za kiwandani za kuuza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vifaa vipo. Nimekosa wa kuvinunua."

Siku iyo hiyo nilisugua vibati, nikavibana, nikawasha moto. Niliogopa fedha isije ikayeyuka, nikakitoa kipande mapema. Nyundo ya kwanza tu, tabaka zikaachana.

"Ndicho ulichokwenda kufundishwa hiki?" Osmunda aliuliza.

Nilitoka, nikaizunguka nyumba. Niliporudi nilimkuta ameshika mivukuto, anapuliza makaa.

"Mara hii naangalia mimi," alisema. "Wewe kaa. Niambie tu naangalia nini."

"Kingo za kipande. Zikianza kung'aa kama zimelowa, niambie nikitoe."

Nilibana vibati vingine, nikavitia motoni. Osmunda aliinamia makaa, jasho likimtiririka, hakuangalia pembeni hata mara moja.

"Sasa!"

Nilikitoa. Tabaka zilikuwa zimeshikana. Nilikifua, nikachonga vishimo ili tabaka za chini zionekane, nikakifua tena hadi mistari ikajitokeza, imepinda lakini mizima. Nikakikunja kuwa pete.

Nilichojifunza ni hiki: madini yale hushikana kabla kidogo ya kuyeyuka, na lazima awepo mtu wa kutulia na kuyaangalia. Mtu huyo si mimi. Nilimwacha nyumbani nikaenda kumtafuta mbali.

Kesho yake Osmunda alikwenda sokoni na sinia lake kama kawaida, pete ile kidoleni. Kabla ya adhuhuri alirudi, sinia bado limejaa.

"Wanawake wawili wanaitaka," alisema. "Washa makaa."