Sharti Ambalo Bi Hebu Hakuliandika

Pale kwenye chumba cha kuendeshea pampu za maji walimwita Bi Hebu, kwa sababu hakukubali jambo lolote bila kutanguliza "hebu". Ukimwambia mvua inanyesha, atasema hebu, kisha aende kuchungulia dirishani. Kwa hiyo meneja alipomletea kikombe cha chai, yeye ambaye hajawahi kumpelekea mtu hata maji, machale yalimcheza Bi Hebu papo hapo.

"Dada yangu," meneja alisema, "niandikie maelezo ya kila programu mnayotumia humu. Inafanya nini, inahitaji nini, wakati gani isiguswe. Yawe wazi kabisa."

"Hebu. Anaandikiwa nani? Sisi sote tunazijua."

"Akili bandia. Itaziendesha yenyewe. Haijui kitu zaidi ya kile ilichoandikiwa. Wewe utabaki kuisimamia."

Hilo "utabaki" halikumkaa vizuri. Chai aliinywa, maana chai haina kosa, lakini moyoni aliona wazi kwamba anachimbishwa kaburi la kazi yake mwenyewe. Akawashuku wote: meneja, vijana wa kompyuta waliomwamkia kwa adabu iliyopitiliza, hata mashine yenyewe, ambayo kila akiijaribu ilimshukuru. Kitu kisichokula wala kulala, kinamshukuru kwa lipi?

Basi akaandika, na akaandika vizuri, kwani mkono wake haukuzoea kazi ya kulipua. Ila alibakiza. Kwenye programu ya kuwasha pampu kubwa alieleza inafanya nini na inataka namba gani, akaishia hapo. Hakuandika lile ambalo wote mle chumbani walilifanya bila hata kufikiri: kabla ya kuwasha, unampigia simu fundi wa mabomba, na huwashi mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba ametoka kwenye shimo la mabomba. Maji ya pampu ile yakimkuta mtu mle ndani, hatoki. Programu haikuwa na swali hilo. Waliouliza ni watu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Meneja alishaahidi kwamba majaribio yatafanywa kwa pampu ya mfano. Mashine ingewasha bila kuuliza, naye angesimama mbele ya wakubwa na kusema: mnaona? Hapo mngeshaua mtu. Nani angethubutu kumwondoa baada ya hapo?

Siku yenyewe ikafika, wakubwa wakajaa chumbani, na pampu ya mfano ikagoma kuunganishwa. Meneja alikuwa anatoka jasho. "Tutumie ile kubwa," alisema. "Si imezimwa tu?"

Ilikuwa imezimwa kwa sababu fundi alikuwa shimoni akibadilisha koki. Na fundi huyo ni shemeji yake Bi Hebu, mdogo wa mumewe. Kabla Bi Hebu hajafungua mdomo, vijana wa kompyuta walishaiunganisha, na maandishi yakatokea kwenye skrini: *Nimesoma maelezo. Hakuna sharti kabla ya kuwasha. Naanza.*

"Zima!" Hakungoja mtu. Alimpiga kikumbo mkubwa mmoja mwenye tai, akabamiza kitufe chekundu, akashika simu.

"Shemeji, uko wapi?"

"Shimoni, nitakuwa wapi? Au kaka kakutuma unichunguze?" Shemeji alicheka. "Nimeona hujapiga, nikajua bado nina muda. Nakaza hii ya mwisho."

"Toka. Toka sasa hivi, nakuomba."

Alibaki na simu sikioni mpaka aliposikia viatu vyake juu ya ngazi ya chuma, na sauti ikisema haya, nimetoka, kuna nini? Alikata simu. Aibu ilimshika vibaya kuliko hofu. Mwezi mzima alikuwa akimtafuta mtu mbaya katika chumba kile.

Alikaa mbele ya kompyuta, akaandika lile sharti kwa ukamilifu wake. Mashine ikajibu: *Asante. Sharti hili halikuwemo. Je, kuna mengine ambayo hayajaandikwa?*

Meneja alisoma swali lile, akalisoma tena, kisha akamgeukia Bi Hebu polepole.

"Umesahau tu, sivyo, dada?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa inamwombea.

"Sikusahau," alisema Bi Hebu. "Na yapo mengine matatu. Ngoja niyaandike kwanza, halafu ndiyo unifukuze."