Tulivyochagua email server ya bei nafuu hapa Bukoba, na kesi ya mjane wa Kamachumu iliyotaka kutupita

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu jukwaani kila baada ya muda anatokea mtu anauliza email ipi inafaa ofisi ndogo, na majibu karibu yote huwa ni ya bei. Mimi naleta yaliyotukuta sisi. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote ndivyo yalivyokuwa.

Ofisi yetu ipo kata ya Bakoba, hapa hapa Bukoba mjini. Tunatoa msaada wa kisheria, na kazi kubwa ni mirathi na migogoro ya vibanja.

Kwa wasio wa huku, kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na humo ndimo watu wa ukoo wanamozikwa. Mtu akikwambia ananyang'anywa kibanja, hazungumzii udongo tu.

Tuna tawi pia Muleba, chumba kimoja, anakaa dada mmoja nitamwita Asimwe. Bosi wetu ni wakili, nitamwita Muganyizi. Mimi ni afisa utawala, na kwa kuwa ndiye ninayejua kubadilisha wino wa printer, kila kitu chenye waya huishia mezani kwangu.

Mwanzo kila mtu alitumia email yake ya bure. Ikatokea taasisi moja ikagoma kutujibu ikidhani ni matapeli, maana barua ya kisheria ilitoka kwenye email yenye jina la utani la mfanyakazi mwenzetu na mwaka wake wa kuzaliwa.

Muganyizi akaniita.

"Tafuta email yenye jina la ofisi. Ila iwe nafuu, hali yetu unaijua."

Nikaanza kutafuta.

Jaribio la kwanza lilikuwa server yetu wenyewe. Nina rafiki fundi anakaa Kitendaguro, tukachukua desktop ya zamani, tukaifunga kwenye chumba cha nyuma. Sisi kwa sisi tuliandikiana vizuri tu. Ukimwandikia mtu wa nje, ujumbe unaangukia spam. Fundi akanieleza kwamba intaneti ya ofisi yetu inabadilishiwa anwani mara kwa mara, kwa hiyo server za wenzetu hazituamini. Halafu mvua ikinyesha umeme unakatika, na email nayo inakatika. Tukaachana nayo.

Nikaangalia zile huduma kubwa za nje, unalipia kila mtu kila mwezi, kwa kadi, kwa dola. Bodi ya ofisi ikatikisa kichwa.

Ikabaki kampuni ya hosting inayotunza website yetu. Jina silitaji. Kwenye kifurushi chetu kulikuwa na email za bure, "unlimited accounts". Tukaona tumepata.

Neno hilo tulilisoma wote, na kila mmoja alilielewa anavyotaka. Unlimited ilikuwa idadi ya majina. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo, tena email zote zilikaa chumba kimoja na website.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Muganyizi akachapisha business card mpya, akawa anazigawa hata kanisani.

Asimwe naye kule Muleba akapata scanner. Mteja akija na mafaili, anascan yote, hati, picha za mipaka, vyeti vya ubatizo, anatuma Bukoba. Kazi nzuri. Ila kila alichotuma kilikaa mara mbili, kwake na kwetu.

Sasa wakuu, hapa ndipo wengi hatujui. Sanduku la email likijaa, halikupigii kelele wewe. Server inakataa barua inayoingia, na taarifa ya kukataliwa inamrudia aliyetuma. Onyo la kwamba nafasi inaisha lilikuwa linakwenda kwa kijana aliyetutengenezea website, ambaye alishahamia Mwanza na kazi hiyo alishaiacha.

Sisi tuliona ukimya. Na ukimya wa email unafanana sana na amani.

Wakati huo tulikuwa na kesi ya mama mmoja wa Kamachumu, nitamwita Ma Adventina. Mumewe alifariki, hawakujaliwa mtoto wa kiume, na shemeji yake akafungua shauri baraza la ardhi la Muleba akidai kibanja kirudi kwa ukoo. Tarehe ya kusikilizwa ilikuwa bado mbali. Baraza likaibadilisha, ikawa mapema zaidi, likazitaarifu pande zote mbili kwa email.

Upande wa shemeji walipata. Yetu ilikataliwa mlangoni.

Jumapili mchana Asimwe akanipigia.

"Kaka, kesi ya Ma Adventina ni kesho?"

"Hapana. Bado sana."

"Yeye anasema shemeji yake kamwambia baada ya misa, kesho tutaonana barazani. Ameniuliza aje na mashahidi au aje peke yake."

Nikafungua email ya ofisi. Barua ya mwisho kuingia ilikuwa ya siku nyingi nyuma. Nikajiandikia kutoka email yangu binafsi kwenda ya ofisi. Ikarudi pale pale: mailbox full.

Sikuwaza kesi kwanza, niliwaza ni barua ngapi nyingine zimerudi.

Muganyizi alikuwa Ngara kwenye harusi. Nikampigia, nikasikia ngoma nyuma yake, halafu zikapungua, alikuwa anatoka nje.

"Faili lenye nakala halisi liko kabatini kwangu," akasema. "Wewe lipeleke Muleba asubuhi. Mimi nitapitia Biharamulo. Mwambie Ma Adventina asiogope."

Jumatatu nikaazima gari la jirani, nikaenda. Nilimkuta Ma Adventina kwenye benchi na Asimwe, amevaa kitenge kizuri, rozari mkononi. Shemeji mtu alikuwa mzee mpole tu, akaja kutusalimia, akaniuliza barabara ikoje. Nilitegemea kumchukia, sikuweza.

Shauri likaitwa. Muganyizi hajafika. Wakili wa upande wa pili akasimama, akasema taarifa zilitumwa mapema, hakuna sababu ya kuchelewesha. Kwa alichokijua yeye, alikuwa sahihi.

Mwenyekiti akamgeukia Ma Adventina. "Mama, wakili wako yuko wapi?"

Asimwe na mimi hatukuwa na ruhusa ya kusema. Nilikuwa nimekumbatia faili kama mtoto mgonjwa.

Ma Adventina hazungumzi sana Kiswahili, nyumbani kwake ni Kihaya. Alisimama.

"Mheshimiwa, wakili anatoka Ngara. Barua yenu haikutufikia. Mimi nimesikia kanisani, kwa huyu shemeji yangu. Kama ni lazima tuanze, nitaanza mimi, mipaka naijua. Lakini naomba asubiriwe."

Akakaa.

Mwenyekiti akamuuliza shemeji kama ni kweli. Mzee akajibu, "Ni kweli mheshimiwa. Nilipomwambia alishtuka. Niliona hajui."

Karani akaangalia kompyuta, akakuta ujumbe waliotutumia sisi ulirudi. Shauri likawekwa mwisho wa orodha ya siku hiyo.

Muganyizi alifika mchana, vumbi hadi kwenye kope, tai mfukoni. Akanawa uso kwenye bomba la nje, akaingia.

Uamuzi ulitoka baadaye. Ma Adventina alibaki na nyumba na kibanja. Kipande cha chini karibu na barabara, ambacho marehemu alikinunua pamoja na huyo kaka yake, kiligawanywa. Yeye na shemeji yake wanasali kanisa moja mpaka leo na wanasalimiana.

Sisi tulihama. Tumechukua huduma ya kulipia, siyo ile kubwa, ya kati, inalipwa kwa mwaka kwa shilingi kupitia wakala. Kila mtu ana sanduku lake lenye nafasi yake. Mafaili makubwa Asimwe anayaweka kwenye storage ya pamoja, anatuma link tu. Onyo la nafasi linakuja kwenye simu yangu na yake. Na kila wiki anampigia karani wa baraza kuuliza tarehe, hata kama email ni nzima.

Nilichojifunza: ukichagua email ya ofisi, bei uliza mwisho. Kwanza uliza nafasi ni kiasi gani, ikijaa nani anaambiwa, na barua iliyokataliwa utajuaje. Kama muuzaji hana jibu, huo unafuu utaulipia kwingine.

Juzi Ma Adventina alikuja ofisini na mkungu wa ndizi. Asimwe alikuwepo, akamweleza kwa Kihaya kwamba tumebadilisha email. Mama akasikiliza, halafu akaniuliza mimi kwa Kiswahili.

"Hiyo mpya inakaa wapi?"

Nikamwambia mashine zenyewe ziko Ulaya.

"Ya nani?"

"Ya kampuni, mama. Sisi tunalipia kukaa."

Akausogeza mkungu pembeni.

"Na wenyewe siku wakiwaambia mtoke?"

Nilimjibu kwamba tuna mkataba. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu asiyewahi kufika barazani.

Backup ya barua zetu zote nimeanza kuichukua wiki hii. Wajuvi wa haya mambo, nyie za kwenu mnazitunza wapi, na kwa njia gani isiyomshinda mtu wa ofisi ndogo? Karibuni.