Kafu Mbili

Niliandika haraka, sikatai. Mwenye mashua alikuwa ameshafungua kamba, ananifokea kwamba hatangojea barua ya wanawake. Pale Baraka, mji wetu kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini, wasichana tuliojua kuandika tulikuwa wachache, na Kiswahili chetu tulikiandika kwa herufi za chuoni, zile za Kurani. Rafiki yangu nilimfundisha mwenyewe, jikoni kwetu, kwa kidole juu ya unga wa muhogo. Alipoolewa Albertville, mji mwingine wa ziwa hilohilo, tukaapiana kuandikiana wenyewe, asituandikie mtu wala kutusomea.

Basi nikampa ya nyumbani: ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, ni wengi, mama anamsalimu, nguo aliyonitumia imenikaa vizuri. Mwishoni nikamwambia kuku wake, aliyeniachia nimtunze, amekufa. Irabu, zile alama za juu na chini ya herufi, sikuweka. Nani anaweka irabu huku anafokewa? Lakini bila irabu kuku ni kafu mbili, yaani k mbili tu, na kaka pia ni kafu mbili.

Mashua iliporudi ikamleta rafiki yangu mwenyewe, sauti imemkauka kwa kulia. Wa kwanza kumwona ufukoni alikuwa kaka yake, mzima kabisa, anatafuna muwa. Rafiki yangu akamshika mkono kuhakikisha ni yeye. Akatoa barua kwenye nguo, akanionyesha lile neno, ndipo nikaelewa kwamba kuku alimsoma kaka.

Kaka mtu alicheka kwanza, kisha akakasirika mbele ya watu. "Basi. Kuandika muachie wanaume. Kuanzia leo bwana yako atatuandikia, na baba atamujibu."

Tukinyang'anywa kalamu, nimempoteza. Ya moyoni utamwambiaje mtu kupitia kwa mume wake?

Yeye akajifuta uso. "We kaka, mi nilisoma mwenyewe. Hakuna mwanaume aliniambia. Ni mi niliambia bwana yangu kama umekufa. Siku utakufa kweli, unataka nani aniletee habari? Huyu mwenye mashua?"

Watu walicheka hadi mwenye mashua akageuza uso. Kaka aliubeba mzigo wa dada yake, akatangulia kwenda nyumbani, nasi tukamfuata. Njiani akaniuliza, bila kunitazama, kama mke wake naye ningeweza kumfundisha. Nilijivuna siku ile, na mpaka leo ninajivuna.