Saa ya Baba na Mwendo wa Treni

Jumanne ya kwanza ya Juni, 1988. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua kali. Ndivyo nilivyoandika katika daftari langu, nami naliamini kuliko kichwa changu. Hewa ya Changamwe ikilowa hubeba harufu ya mafuta ya mitambo, na asubuhi ile hata chai ilinuka mafuta. Nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa kuli bandarini, na siku hiyo, saa nane mchana, alikuwa na mtihani wa kuendesha kreni. Miaka na miaka alikuwa akiungoja. Alirudi kutoka zamu ya usiku saa moja, akatega kengele ya saa yake imwamshe saa saba, akaiweka kando ya mto, akalala. Mama alikuwa akienda Port Reitz kumtazama dada yake aliyejifungua, kwa hiyo hapakubaki mwingine wa kumwamsha.

Saa yenyewe ilikuwa ya tarakimu, haina mishale. Saa ya mishale mtu huisoma upande wa pili akaipata saa yetu ya Kiswahili; hii ilisema ilichosema. Basi baba aliirudisha nyuma kwa saa sita. Jua likichomoza saa kumi na mbili, nayo husema kumi na mbili. Ikifika saa moja asubuhi, husema moja. Nyumbani hatukuona ajabu.

Mwalimu Mwadime, kijana wa Kitaita aliyetufundisha hesabu, alikuwa amechoshwa na treni za kitabuni zinazotoka mji A kwenda mji B. "Treni tunayo, inapita nyuma ya choo cha shule," alituambia Jumatatu. "Ya nini kuazima ya kwenye kitabu? Nani kwao kuna saa ya vitufe, ile inayohesabu sekunde?" Nilinyosha mkono. Sikuwa mtu wa kunyosha mkono. Darasa zima likageuka, na mmoja nyuma akasema, "Leo Mwanahamisi kaamka!" Mwalimu alicheka, akasema nimefanya vyema, ila niombe ruhusa kwanza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ruhusa sikuomba. Asubuhi niliichukua saa baba akikoroma, nikijiambia kwamba mapumziko ya mchana huanza saa sita u nusu, nitairudisha kabla haijalia.

Tulipima mita mia kwa kamba ya mkonge kando ya reli, tukaweka mtoto na leso kila mwisho. Saa nne treni ya mizigo ikatokea upande wa Miritini. Leso ya kwanza ikashuka, nikabonyeza. Leso ya pili ikashuka, nikabonyeza. Sekunde kumi na mbili na nusu. Mwalimu akaichukua saa, akatuketisha pale pale majanini tupige hesabu, na hata tuliporudi darasani alikuwa bado nayo mkononi, akiibonyeza-bonyeza huku akitusahihishia. Nilitamani kuiomba, nikaona haya. Wenzangu walikuwa wakipigia kelele jibu, mita nane kila sekunde, nami nilikuwa natazama kivuli cha mlango kinavyofupika.

Kengele ya mapumziko ilipolia alinipa saa, nikakimbia nyumbani. Baba alikuwa amelala vile vile, mkono juu ya uso. Usingizi wa zamu, hata adhana haimfikii. Kabla ya kuiweka niliitazama saa. Ilisema 12:40. Moyo ukatulia: nimewahi. Shuleni ndivyo tulivyosoma saa, Kiingereza, na asubuhi nzima nilikuwa shuleni. Nikatoka kwa ncha za vidole, nikacheza na wenzangu njiani hadi mapumziko yalipokaribia kwisha.

Nilimkuta Mwalimu langoni, anakula muhogo. "Mwambie mzee nimemtengenezea saa yake," akasema. "Ilikuwa imepotea, nyuma saa sita nzima!"

Saa ya baba ilipaswa kusema 6:40, si 12:40. Niligeuka nikakimbia tena njia yote, na sijui kama nimewahi kukimbia vile tangu siku ile. Kengele iliyotegwa saba sasa ingelia saba ya Kiingereza, saa moja jioni. Nilipomtikisa baba ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Alitoka bila kunawa uso.

Alirudi saa kumi. Mlango wa mtihani ulikuwa umefungwa. Aliketi kibarazani, akaniita.

"Mwanahamisi."

"Abee, baba."

"Ni nani aloigusa saa yangu?"

Ningeweza kusema ni Mwalimu, na usingekuwa uongo. Neno hilo lilinifika hadi kwenye ulimi. Nikasema, "Mwalimu aliigeuza, baba, akidhani mbovu. Lakini mimi ndiye niliyeichukua bila kukwambia, na nilipoirudisha niliitazama nisione."

Akauliza, "Mkapima nini?"

"Treni. Mita nane kila sekunde."

"Afadhali ningeipanda hiyo," akasema, akaingia ndani. Hakunipiga. Nilitaka anipige.

Mwalimu alikuja kesho yake kuomba radhi, naye asilaumiwe: alitengeneza alichokiona kibovu. Nafasi ile haikurudi. Sijui kama baba angefaulu, huenda asingefaulu. Lakini nafasi ya kulijua hilo niliiondoa mimi. Leo mjukuu wangu husoma kwa tableti ya shule. Hugusa kioo, treni ikapita, jibu likaja na nyota tatu. Nimemtazama nikitafuta kosa, nikalikosa: anaelewa upesi kuliko nilivyoelewa, na somo lake halimkoseshi mtu kitu. Mimi niliishia darasa la nane na hesabu nyingi zimenitoka. Ile ya mita nane haijatoka, nami sina hakika kama huko ni kujua au ni kuungua.

Jioni ile mama alirudi na kuku aliyemnunua huko Magongo kwa ajili ya kusherehekea, hajui lolote. Alipoambiwa alisema tu, "La kuvunda halina ubani," akaendelea kukuna nazi. Tulikula kuku wa kupaka na wali wa nazi. Firigisi, ambayo kwetu ni haki ya baba, ilibaki sahanini. Daftarini sikuandika ni nani aliyeila.