Zamu ya Kulea Oldeani

Natalia hakuzaliwa Oldeani. Alikuja na mumewe kutoka Singida kuchuma kahawa, akachuma mpaka mgongo ukagoma, na tangu hapo anauza maandazi kambini kwa wafanyakazi. Wote humwita Mama Joshua, na sifa yake kubwa ni ubishi. Akishasema jambo litafanyika, heri umsaidie mapema ukapumzike.

Ubishi huo ndio ulioanzisha masomo ya jioni. Watoto wa kambi walikuwa wakitoka shule wanakuta nyumba tupu, wazazi wako mibunini, basi wanazurura mpaka giza. Natalia, aliyesoma hadi kidato cha nne, alimwandama msimamizi wa shamba mpaka msimamizi akachoka kumkwepa, akampa ghala lililokuwa halitumiki. Wazazi wakaleta mabenchi na unga wa uji. Watoto wakawa wanafanyia kazi zao za shule pale, yeye akiwasimamia.

Mwaka huu alikuwa na jambo moja moyoni: Penina afaulu mtihani wa darasa la saba. Binti ana kichwa, ila hesabu za sehemu zilikuwa zikimtoa jasho. Mavuno yalipopamba moto, mtihani ukiwa unakaribia, Penina akatoweka ghalani. Natalia akamfuata nyumbani, akamkuta na mdogo wake mgongoni.

Mama yake, Lusia, mchumaji hodari kutoka Mbulu, hakuzunguka.

"Mama Joshua, mimi mume sina. Nisipochuma hatuli. Mtoto nimwachie nani, mbuzi?"

"Si aje naye?" Natalia akajibu bila kufikiri. "Ghala ni kubwa."

Hapo alijitafutia balaa mwenyewe. Habari zilienea, na kesho yake kila msichana aliyekuwa akilea nyumbani aliingia na mtoto mgongoni. Vilio hivyo! Huyu kamwaga uji, yule anatafuna daftari. Penina alibembeleza kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, akafuta jibu lilelile mpaka karatasi ikatoboka.

Mwingine angefunga mlango. Natalia aliwaita kina mama Jumapili baada ya ibada, akawaambia wapeane zamu: kila siku mmoja atoke mibunini mapema, alee watoto wote. Wengi walikubali shingo upande. Lusia akakataa katakata.

"Msimu ndio huu," alisema, akaenda zake.

Natalia aliumia sana, maana aliyekuwa akihangaikiwa ni binti wa Lusia. Lakini siku ambayo ingekuwa zamu ya Lusia, Natalia aliishika yeye, mdogo wake Penina mgongoni na mtoto mwingine kiunoni.

Jioni hiyo Lusia alipotoka kupima kahawa alipita ghalani kuchukua watoto wake. Akasimama mlangoni. Penina alikuwa mbele ya ubao, mikono mitupu, akiwaeleza wenzake hesabu za sehemu, nao wametulia wanamsikiliza. Lusia hakuwahi kumwona hivyo. Penina alipomwona mama yake akakatisha maneno, akaweka chaki chini, akaenda kwa Natalia kumchukua mdogo wake.

"Rudi," Lusia akamwambia. "Nipe mimi mtoto."

"Tunaondoka, mama?"

Lusia aliketi kwenye benchi, mikono bado myekundu kwa vumbi la shamba.

"Mimi niliishia darasa la tatu," alisema. "Wewe malizia hiyo hesabu."