Sahani Nyuma ya Gari

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinipa aproni kabla hajaniuliza jina. Yadi ya magari ya kampuni ile ya kutembeza watalii ilikuwa Athi River, na vumbi la saruji lilikuwa limekalia kila kitu, hata sufuria nilizoambiwa ni zangu. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, halafu nikapika kwa mkahawa wa familia moja ya Kiislamu pale Machakos mjini, kwa hivyo pilau niliijua. Kuwapikia Wazungu porini ndiko nisikokujua.

"Unaitwa nani?"

"Kyalo, bwana."

"Kyalo, sikiza. Chakula kikiungua nitakusamehe. Ukikaa mezani na wageni sitakusamehe. Mpishi anakula nyuma ya gari, amesimama, macho kwa meza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nisimwonee Meneja, maana hayuko hapa kujitetea. Kanuni ile haikuwa kiburi tu. Mpishi aliyenitangulia alikuwa akikaa na wageni na kuwamwagia shida zake zote, karo ya shule, ng'ombe aliyekufa, mpaka wengine wakashindwa kula. Tena mpishi akiwa amesimama anaona ni nani ameishiwa na chai. Sisi wafanyakazi tuliiita "kula wima," na tulicheka nayo. Mzee Otieno, dereva wetu na mkuu wa safari, alipenda kuniambia, "Kyalo, chakula cha wima kinashuka mpaka kwa viatu. Ndiyo maana miguu yako ni mikubwa hivyo."

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mnakuta friji ndani ya gari. Sisi tulikuwa na sanduku la barafu, na barafu ikiyeyuka nyama yote inapikwa siku hiyo hiyo. Vyombo vilioshwa kwa beseni tatu, ya kwanza sabuni, ya pili dawa ya viini, ya tatu maji matupu. Ukizichanganya, kesho yake gari linasimama kwa kila kichaka. Nilianza na safari fupi za Uganda. Meneja alipoona sijamuua mtu, akanipandisha kwa ile ndefu: Tanzania, Malawi, Zambia mpaka kwenye maporomoko ya maji, halafu kurudi.

Ni kwa safari hiyo ndefu, miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilipomjua Mama Greta. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ulaya, mrefu, nywele nyeupe kabisa, na alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kitabu kabla hajaja. Jioni, wenzake wakisema wameona simba, yeye alieleza vile alivyoona watu. Watanzania, alisema, hawakuulizi kitu kabla hawajamaliza kukusalimia. Malawi wanakupisha njiani hata kama wewe ndiye umekosea. Zambia barabara ni mbaya, na aliyekwama anasaidiwa na mtu ambaye naye amekwama. Mimi nilipita nchi hizo mara nyingi, lakini nilipita nikiwa nimeinamia sufuria. Sijui kama niliziona. Yeye aliziona.

Kitu kimoja tu alikosea, na hata hicho simlaumu. Kila tulipopiga kambi, aliniona nikila nyuma ya gari. Tulipoajiri mlinzi Tanzania, alikula na mimi nyuma ya gari. Fundi wa magurudumu kule Zambia pia. Siku moja Mama Greta akaniuliza polepole kama watu wetu hawapendi kula mbele ya wageni. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitabasamu, vile mpishi hutabasamu, nikamwongezea mchuzi.

Tuliporudi Athi River alikuwa na siku chache kabla ya ndege yake. Akaniomba nimpeleke kwetu Kola amsalimie mama yangu. Meneja akatupa pikapu. "Lakini Kyalo," akasema, "huyo ni mgeni wa kampuni bado."

Hapa ni lazima mjue jambo moja. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa ameambia wanawake wote wa kanisa kwamba mtoto wake anazunguka Afrika akila meza moja na Wazungu. Si mimi niliyemwambia hivyo. Alijiwazia mwenyewe, na mimi nikamwacha. Mama yangu alilima matuta ya mawe ya huko kwetu tangu ujana wake, na hiyo ndiyo fahari aliyokuwa nayo kwangu.

Tulipofika, alikuwa amechinja jogoo na kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa kinu na kuchanganywa na maharagwe. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe. Akapakua, akampa Mama Greta sahani ya kwanza kwa mikono miwili. Mama Greta akashukuru, akainama, akasimama na sahani yake, akatoka nje. Tukasikia viatu vyake vikizunguka nyumba.

Mwaitu alinitazama. "Ameona mdudu?"

"Ngoja nimwangalie."

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kati ya kuni na banda la kuku, amesimama wima, sahani kifuani, anakula muthokoi na kuku wanamzunguka miguuni. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye amefanya jambo sawasawa.

"Mama Greta, kwa nini hapa?"

"Kwenu mgeni na mwenyeji hawali pamoja. Sitaki kumkosea mama yako."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Wewe," akasema. "Kila siku."

Nilipogeuka, Mwaitu alikuwa kwenye kona ya nyumba. Hakuelewa Kiswahili kile cha kitabu, lakini uso wangu aliuelewa.

"Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, mwaitu. Amefikiria ni desturi yetu."

"Desturi ya nani, kulisha mgeni pamoja na kuku?"

Ikabidi nimweleze. Nilieleza kwa Kikamba, macho chini, na kila neno lilitoka kama mfupa.

"Kwa hivyo huko kwa Wazungu unakulaga nyuma ya gari."

"Ni kanuni ya kazi."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akamwekea Mama Greta, akamshika bega, akamkalisha. Akarudi akaleta kigoda chake na sahani yake. Wakala, magoti yao yakikaribia kugusana, bila lugha, Mwaitu akimfukuzia kuku kwa kijiko.

Nami nilikuwa wapi? Nimesimama kando na jagi la maji, nikiangalia ni nani amepungukiwa. Sikujua kwamba nafanya hivyo mpaka mama yangu alipoinua macho.

"Kyalo. Hapa si kazini. Kaa."

Kigoda cha tatu hakikuwako. Nikakaa juu ya kuni. Nikamwambia Mama Greta kwamba ile haikuwa desturi yetu, wala ya Watanzania, wala ya Wazambia. Ilikuwa kanuni ya kampuni. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Mlikuwa mnafukuzwa mezani, na mimi nikawaandikia marafiki zangu kwamba ni heshima."

"Hukujua, Mama Greta."

"Sikukuuliza mara ya pili," akasema.

Nilifanya kazi ile mpaka miaka ya elfu mbili iliposonga sana, nikila wima, kwa sababu mshahara ulisomesha watoto. Meneja nilimweleza yaliyotokea. Alisema kanuni ni kanuni, lakini safari iliyofuata nilikuta kiti cha kukunja nyuma ya gari. Sikukikalia. Mwaitu, naye, hakuwaambia tena watu wa kanisa habari za meza.

Watu wakisikia kisa hiki humkasirikia Meneja. Mimi aibu yangu iko kwingine, na sina hakika nitaieleza vizuri. Miaka yote ile nilisimama nyuma ya gari na sikuona ubaya wowote. Ilibidi nimwone mgeni wa mama yangu amesimama vile ndipo nikaona.

Sasa nimestaafu, niko Kola. Mpaka leo mke wangu akinipa sahani, nainuka. Huwa nafika mlangoni kabla sijakumbuka. Yeye hanisemi. Anakisukuma kigoda kwa mguu kunielekea, na anangoja mpaka nikae ndipo aanze kula.