Kikohozi cha Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nililala kifudifudi katikati ya magunia ya viazi huku baba mkwe wangu akikohoa mlangoni. Usicheke bado, ngoja nikueleze.

Nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia, nimeolewa Isongole, miaka ile ya soko huria, malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda mpaka mashambani kwetu kufuata viazi. Mume wangu Ambakisye alikuwa kazini Mbeya. Mila yetu unaijua: mkamwana haonani na baba mkwe. Yeye akija hukohoa kwa mbali, nawe unajitupa kichakani. Mzee wangu alikuwa na kikohozi cha kusikika ng'ambo ya bonde, ingawa kifua chake kilikuwa kizima kabisa.

Basi mhadhiri wangu wa zamani alikuwa akitafuta msaidizi wa kwenda naye Ulaya, kwenye maabara iliyochimbwa chini kabisa ya mlima. Huko wanaingoja nyutrino, chembe ndogo inayoweza kuipita dunia nzima bila kubisha hodi. Mara chache mno hugusa kitu, na hapo chombo hulia. Tabu ni miuoni, chembe nyingine. Hizo huzaliwa juu angani, hupenya mwamba, nazo hukiliza chombo kilekile, ukadhani mgeni wako amefika. Aliniachia chombo kidogo cha majaribio na bamba lenye mlio wake, la kuweka juu yake, akasema atarudi Jumamosi. Nikiweza kuitenga milio ya miuoni, nafasi ni yangu. Nisipoweza, anampa mwingine. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikanishinda.

Alinieleza kazi ya bamba, lakini mimi, msomi, nikaona ni jambo jepesi mno kuwa elimu. Nilisema dawa ya asiyetakiwa ni ukuta. Mzee alikuwa na ghala alilolichimba ubavuni mwa kilima. Nikaweka chombo humo, nikarundika juu yake mbegu zake zote za viazi, gunia juu ya gunia. Tik. Nikaongeza gunia. Tik, tik. Kitu kilichokwisha kupenya kilima, mwanangu, kitaogopa kiazi? Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa mvua ya kupandia ikashuka. Nami nimo ghalani nahangaika na gunia la mwisho, nikasikia: "Khoo! Khoo!"

Mzee amefuata mbegu zake, na mlango ni mmoja. Nikajitosa kwenye magunia, nikajifunika gunia tupu. Yeye kwa heshima hakuingia, alingoja nitoke. Mimi kwa heshima sikutoka, nilingoja aondoke. Akakohoa tena. Chombo kikajibu: tik. Akakohoa kwa ukali. Tik!

"Mama Ambakisye!" akaita. "Njoo, ghalani kuna mdudu ananijibu!"

Mama mkwe alikuja na matope mpaka magotini. Alimwambia mumewe azunguke nyuma ya nyumba, akaingia, akanifunua.

"Gwe mwanangu, mbegu za watu unajengea nini? Na mvua hiyo?"

Nikamweleza huku nalia: kuna kitu kinatoka angani kinaniharibia kazi, nakizuia kisipite.

"Umekizuia?"

"Hapana, mama."

Alicheka hata akashika mlango. "Mimi na huyu mzee wako, hata siku moja sijamzuia kupita. Ningeanzia wapi? Nikisikia kikohozi kisha mlango ukalia, najua ni yeye, sihangaiki kumtelekea mgeni chai. Mlango ukilia bila kikohozi, hapo ndipo nainuka. Haya, toa magunia, watu wapande!"

Nikashika gunia la kwanza, hapohapo nikaelewa. Bamba lilikuwa kikohozi! Bamba na chombo vikilia pamoja, ni miuoni imepita: ifute, endelea kungoja. Chombo kikilia peke yake, ndipo uinuke utazame, huenda ni nyutrino, imelipita bamba bila kubisha hodi. Nilipanda viazi siku nzima, kwenye tuta la mbali na mzee, huku nacheka peke yangu. Jumamosi nilifunga bamba mahali pake, mhadhiri akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na nafasi nikaipata.

Kule chini ya mlima, miezi ya kwanza, kila bamba lilipolia nilishtuka nikatafuta pa kujificha. Wenzangu walidhani naumwa. Mzee alifariki nikiwa huko. Niliporudi Isongole nilipita njia ile ya ghala, kimya, hakuna anayekohoa. Nikaingia kichakani palepale nilipozoea kujificha, nikamlilia.

Basi nisikilize, mwanangu. Si kila kinachokusumbua kina ukuta wa kukizuia, na mbegu ya mtu si tofali. Kinachopita kitambue, kiache kipite, moyo wako ubaki kwa yule unayemngoja. Mungu akujalie sikio la kujua kikohozi cha nani ni kipi, na mgeni wako, siku atakapofika, akukute upo nyumbani.